Ilani huwekwa langoni, haiwekwi uani

Ni nani miongoni mwetu ambaye hajawahi kusimama mbele ya lango la mtu, iwe ni mtaani jijini Nairobi au katika mji wowote mwingine wa nchi hii, akakabiliwa na kibao chenye maneno mawili: MBWA KALI? Sisi walimu wa lugha tumekicheka kibao hicho kwa miaka mingi. Tunawaeleza wanafunzi kwamba mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na kwa hivyo hupatanishwa kisarufi katika ngeli ya A-WA. Si mbwa kali bali ni mbwa mkali. Hayo ni kweli. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kukitafakari kibao kile ndivyo ninavyozidi kukivulia kofia. Kina kosa la sarufi, lakini hakina kosa la mawasiliano. Kinaitaja hatari kwa jina lake. Anayekisoma anajua afanye nini. Na zaidi ya yote, kimetundikwa langoni, mahali ambapo mgeni angali na nafasi ya kugeuka na kwenda zake. Hakikutundikwa uani, ambako mgeni angekisoma baada ya mbwa kumtia meno.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya ilani nyingine iliyonifikia nikiwa nimekwisha kuingia uani. Mwishoni mwa muhula mmoja, usiku wa kuamkia kikao cha watahini, niliketi na kipakatalishi changu nikimalizia kujumlisha alama za wanafunzi. Punde si punde ukajitokeza ujumbe mdogo pembeni mwa kioo. Uliandikwa kwa Kiingereza, lakini maana yake kwa Kiswahili ni hii: "Baadhi ya vipengele vya uanzishaji vimesasishwa. Huenda ukahitajika kuchukua hatua." Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, nacho kilisema: "Sawa." Nikakibonyeza. Kwani palikuwa na kitufe gani kingine?

Asubuhi yake niliwasha kompyuta nikapokewa na kioo cheusi chenye mstari mmoja wa herufi na tarakimu nisizoweza kuzifasiri licha ya shahada zangu zote. Nilimpelekea fundi. Aliitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani ujumbe hukuusoma?" Nikamjibu, "Niliusoma bwana, tena mara mbili." Kikao kikafanyika bila alama za somo langu, na wanafunzi wawili waliokuwa wakizingojea ili majina yao yaingie katika orodha ya mahafali wakakaa juma zima wasijue hatima yao. Tangu siku hiyo swali la yule fundi halijanitoka akilini. Aliamini kwamba kosa lilikuwa la msomaji. Mimi ninashikilia kwamba kosa lilikuwa la mwandishi, na katika makala haya ninakusudia kueleza kwa nini.

Kwanza, ndugu msomaji, tufahamu kilichobadilishwa. Kompyuta inapowashwa haijui chochote. Kuna programu ndogo inayotangulia, ambayo kazi yake ni kuutafuta mfumo endeshi ndani ya diski, kuupakia katika kumbukumbu na kuukabidhi usukani. Mafundi wetu huiita butiloda. Mimi nitaiita kiamshi, kwa kuwa huuamsha mfumo endeshi kama kiamshakinywa kinavyokiamsha kinywa. Kiamshi kikiharibika, faili zako huwa hazijapotea. Zimo palepale zilipokuwa. Lakini hali yako ni kama ya mwenye nyumba iliyojaa mali, ambaye ufunguo wake umemvunjikia kitasani.

Hapa ndipo inapodhihirika tofauti kubwa baina ya ilani ya kiamshi na ilani nyingine zote za kompyuta. Programu ya kuandikia ikikorofika, unaweza kufungua maelezo na kujisaidia. Kiamshi kikikorofika, maelezo yenyewe yamo ndani ya kompyuta isiyoamka. Mwandishi wa ilani ya namna hii hana nafasi ya pili ya kusema na msomaji wake. Lolote ambalo hakulisema kabla ya tukio, hatalisema tena.

Sasa tuichambue ile ilani yangu kwa macho ya mwanaisimu. Mwanafalsafa wa Uingereza, J. L. Austin, ambaye mihadhara yake kuhusu jambo hili ilichapishwa mwaka 1962, alituonyesha kwamba kusema ni kutenda. Kuna maneno yanayoarifu, kuna yanayoahidi, kuna yanayoonya. Tendo la kuonya lina masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba jambo linaloonywa liwe halijatokea. Mtu hamwonyi mwenzake juu ya shimo alilokwisha kutumbukia. Ilani niliyoipata ilitumia kiambishi -me-: vimesasishwa. Jambo lilikuwa limekwisha. Ilivaa kanzu ya onyo, lakini ndani yake ilikuwa ni taarifa tu.

Pili, tutazame kauli ya kitenzi. Kiswahili kimejaliwa utajiri mkubwa katika suala hili. Twaweza kusema "tumekibadilisha kiamshi", na hapo mtendaji anajitokeza na kusimama mbele yetu. Twaweza kusema "kiamshi kimebadilishwa", na hapo tunajua kwamba mtendaji yupo ingawa amejificha nyuma ya mlango. Twaweza hata kusema "kiamshi kimebadilika", kana kwamba ni hali ya anga, mvua iliyonyesha bila kuagizwa na yeyote. Si ajabu kwamba waandishi wa ilani huipenda kauli ya kutendwa na ile ya kutendeka. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini msomaji anayetaka kujua amwendee nani mambo yakiharibika huachwa mikono mitupu.

Tatu, kuna neno "huenda", na nyuma yake kuna "kuchukua hatua". Huenda kwa nani? Kwa mwenye kompyuta yenye mfumo mmoja au mwenye miwili? Hatua gani, na lini? Sentensi hii haiwezi kuwa na kosa kamwe. Mambo yakienda salama, ilisema "huenda" tu. Yakiharibika, ilikwisha kusema. Maneno ambayo ni sahihi kwa vyovyote vile hayamsaidii anayeambiwa, humkinga anayesema. Huo si uonyaji, ni udhuru uliotolewa mapema.

Pengine mtu atasema kwamba ninakuza kadhia yangu binafsi. La hasha. Historia ya miaka ya karibuni imejaa visa vya aina hii, na vingine vinajulikana ulimwenguni kote. Mnamo Julai 2020 kulitangazwa pengo la usalama lililopewa jina la BootHole katika GRUB, kiamshi kinachotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Kampuni ya Red Hat ilitoa masasisho ya kuliziba, na baadhi ya kompyuta zilizoyapokea zikashindwa kuwaka. Kampuni ikalazimika kuwashauri wateja wasiyaweke hadi yatakaporekebishwa.

Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Arch Linux. Toleo jipya la GRUB lilipowafikia watumiaji mwezi wa Agosti, baadhi yao walikuta kwamba kiamshi kilichokuwa kimewekwa zamani hakipatani na faili mpya ya mipangilio. Tarehe 30 mwezi huo watengenezaji wa mfumo walitoa ilani. Kimaandishi, ilani hiyo yastahili sifa. Ilisema wazi kwamba kompyuta ingeweza kushindwa kuwaka, ikaeleza chanzo chake, ikashauri amri mbili zitekelezwe pamoja: moja ya kukiweka upya kiamshi na nyingine ya kuitengeneza upya faili ya mipangilio. Dosari yake haikuwa katika maneno bali katika wakati. Ilitolewa siku kadhaa baada ya watu kuanza kuumwa na mbwa.

Kisa kinachonishughulisha zaidi ni kile cha Agosti 2024, kwa kuwa safari hii ilani ilitangulia, na bado ikapotosha. Tarehe 13 mwezi huo kampuni ya Microsoft ilitoa masasisho ya Windows yaliyokusudiwa kuziba pengo la GRUB lililojulikana tangu mwaka 2022. Njia iliyotumiwa yafanana na askari wa lango mwenye daftari. Kila kiamshi hubeba nambari ya kizazi chake. Askari hutazama daftari, na kiamshi cha kizazi kilichopitwa na wakati hukataliwa kuingia. Sasisho liliandika upya daftari hilo. Tangazo la kampuni lilisema kwamba hatua hiyo haingetekelezwa katika kompyuta zenye Windows na Linux pamoja, na kwa hivyo hizo zisingeathirika.

Kumbe mambo hayakuwa hivyo. Watumiaji wa Ubuntu, Debian, Linux Mint na mifumo mingine ya jamii hiyo waliowasha kompyuta zao walikataliwa langoni. Baadaye kampuni ilieleza kwamba mbinu yake ya kutambua kompyuta zenye mifumo miwili haikuitambua baadhi ya mipangilio isiyo ya kawaida. Masasisho ya Septemba 2024 hayakuwa tena na mipangilio iliyosababisha tatizo, lakini utatuzi kamili ulitolewa Mei 2025, miezi tisa baadaye.

Funzo la kilugha hapa ni kubwa. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975 kuhusu mazungumzo, alitaja miongoni mwa kanuni zake ile ya ukweli: usiseme jambo ambalo huna ushahidi nalo wa kutosha. Aliyeandika kwamba kompyuta za mifumo miwili hazingeathirika alikigeuza kitu alichokitumainia kuwa kitu alichokijua. Laiti angeandika, "Tumejaribu kuzitambua kompyuta zenye mifumo miwili ili tusiziguse, lakini huenda tusizitambue zote, ikiwa yako ni mojawapo, jitayarishe hivi." Hapo "huenda" ingekuwa neno la uaminifu, kwa sababu imefungamanishwa na mtu mahususi na hatua mahususi. Neno ni lile lile. Mahali lilipowekwa ndipo penye tofauti kati ya udhuru na onyo.

Tena tazameni maneno yaliyojitokeza katika vioo vya waathiriwa. Baada ya istilahi kadhaa za kiufundi, kulikuwa na sentensi iliyosema, kwa tafsiri yangu, kwamba kuna jambo lililokwenda kombo vibaya sana. Hakuna aliyeweza kuipinga sentensi hiyo! Ni ya kweli tupu, na haina manufaa hata chembe. Mgonjwa hamwendei tabibu ili aambiwe kwamba anaumwa.

Wahandisi wanayo hoja yao, nayo haifai kupuuzwa. Wanasema kwamba watu hawasomi ilani ndefu, na kwamba ukiwatisha mno wataahirisha masasisho, wabaki na mapengo yatakayotumiwa na wahalifu. Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2023 ilithibitishwa kwamba programu haribifu iitwayo BlackLotus iliweza kuupita ulinzi wa uwashaji hata katika kompyuta zilizokuwa na Windows 11 iliyosasishwa. Anayekataa kila sasisho kwa hofu ya kioo cheusi anamfungulia mwizi mlango.

Ninakubali yote hayo, lakini hayanifikishi kwenye hitimisho lao. Ilani haisomwi kwa sababu msomaji amezoeshwa kwamba haina la kumwambia. Mtu aliyeonyeshwa "huenda ukahitajika kuchukua hatua" mara ishirini bila kitu kutokea, mara ya ishirini na moja atabonyeza "Sawa" akiwa amefumba macho. Dawa si kunyamaza wala kupiga mayowe. Dawa ni kumtenga anayehusika na asiyehusika, kisha kumpa anayehusika kazi anayoiweza.

Ili nisiwe mkosoaji mtupu, nitatoa mfano wa ilani kama ambavyo ningependa kuisoma:

"Sasisho hili litakibadilisha kiamshi, yaani programu inayouanzisha mfumo wa kompyuta yako. Ikiwa kompyuta hii ina mfumo endeshi mmoja tu, tunatarajia kwamba hutaona tofauti yoyote. Ikiwa ina miwili, ule wa pili huenda ukakataa kuwaka. Kabla ya kuendelea, nakili faili zako mahali pengine, uandike karatasini ufunguo wa kufungulia diski ikiwa imefungwa kwa msimbo, na uyapige picha maagizo haya kwa simu, kwani kompyuta isipowaka hutaweza kuyasoma hapa. Ukiahirisha, kompyuta itaendelea kufanya kazi, ila pengo la usalama litabaki wazi."

Chini yake pawe na vitufe viwili: "Endelea sasa" na "Nikumbushe kesho".

Maneno hayo hayafiki mia moja. Yanasema ni nini kitabadilika, ni nani atakayeguswa, afanye nini kabla, na atapata hasara gani akiahirisha. Wakati ni ujao: litakibadilisha. Masharti yamo katika "ikiwa", "isipowaka" na "ukiahirisha", viungo ambavyo Kiswahili kinavyo tele. Na suala la ufunguo wa diski si la kupambia. Kompyuta nyingi za Windows hufungwa kwa BitLocker, na mabadiliko katika sehemu za uwashaji yaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Mnamo Julai 2024 baadhi ya kompyuta zilidai ufunguo huo baada ya sasisho la kawaida tu. Fikirieni mwalimu aliyenunua kipakatalishi mtumba, ambaye ufunguo wake umo katika akaunti ya mtu aliyekimiliki zamani asiyemjua hata kwa sura! Sentensi moja iliyotangulia ingemwokoa.

Swali jingine ni la lugha yenyewe. Tumetumia miaka mingi kubishana iwapo tuseme tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mjadala huo una faida yake, lakini tusiugeuze kisingizio. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na kwa hivyo hakuna anayeweza kudai kwamba lugha yetu haina uwezo. Kinachokosekana ni nia ya kuandika kwa kumfikiria msomaji. Ilani ya ovyo ikitafsiriwa neno kwa neno huzaa ilani ya ovyo kwa Kiswahili.

Isitoshe, hili ni suala la haki. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mimi si mwanasheria, wala sisemi kwamba kila sentensi ya kompyuta ipelekwe mahakamani. Ninasema tu kwamba shule au chuo kinaponunua kompyuta kwa fedha za umma, si vibaya kumwuliza muuzaji: masasisho yatakapogusa kiamshi, walimu wetu wataarifiwa lini, kwa maneno gani na kwa lugha ipi?

Swali hilo haliwezi kungoja. Vyeti vya kidijitali vilivyotolewa mwaka 2011, ambavyo kwavyo kompyuta nyingi duniani huthibitisha kwamba kiamshi ni halali, viliwekewa ukomo unaoanza Juni 2026. Microsoft imeeleza kwamba kompyuta isiyopata vyeti vipya haizimiki siku hiyo. Itaendelea kuwaka, lakini haitapokea tena kinga mpya za hatua za mwanzo za uwashaji. Huo ni mtihani mgumu wa uandishi. Ukiandika "cheti kimekwisha muda" utawatia watu kiwewe. Ukiandika "hakuna tatizo" utawalaza. Ukweli uko katikati, nao unahitaji sentensi mbili tatu zilizopimwa vyema.

Walimu wenzangu, sisi ndio tunaowafundisha vijana kutofautisha tangazo, ilani, onyo na tahadhari. Mara nyingi mifano yetu ni ile ile ya nguzo za umeme na sakafu yenye utelezi. Ninapendekeza kwamba muhula ujao tuwape wanafunzi ilani halisi iliyojitokeza kwenye kompyuta ya shule, tuwaulize: Nani ametenda? Jambo limetokea au litatokea? Nani anaguswa? Afanye nini? Kisha waiandike upya. Baadhi ya vijana hao watakuwa wahandisi, na ndio watakaoziandika ilani za kesho.

Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari. Neno lenye uzito katika methali hiyo ni "kabla". Yule mwenye kibao cha MBWA KALI hakuisomea isimu, na ngeli zilimpiga chenga, lakini hilo alilijua. Laiti walioiandika ile ilani yangu wangalilijua pia, wale wanafunzi wawili wasingekaa juma zima roho mkononi.